Mafunzo ya kilimo mtandaoni yasiwe kisingizio cha kumtupa mkulima

TANGU Machi 2020, serikali ilipopiga marufuku mikutano ya hadhara kufuatia kuzuka kwa janga la Covid-19 nchini, warsha za kuwaelimisha wakulima zimekuwa zikihama taratibu kutoka uwanja wa chifu na kivuli cha mwembe hadi kwenye kioo cha simu.

Mwanzoni ilikuwa hatua ya dharura. Marufuku hayo yaliondolewa kitambo, lakini desturi ilibaki. Siku hizi mashirika yasiyo ya serikali, kampuni za kuuza mbegu na dawa, vyama vya ushirika, taasisi za utafiti na hata baadhi ya idara za kilimo katika kaunti huwaalika wakulima kwa kiungo kilichotumwa kupitia WhatsApp. Mtaalamu huzungumza akiwa ofisini jijini, naye mkulima humsikiliza akiwa kwake nyumbani, almuradi mtandao haujakatika.

Sababu zinazotolewa na waandalizi si za kupuuzwa. Warsha ya siku mbili kwa wakulima 40 huhitaji ukumbi, chakula, nauli, gari na mafuta. Mkutano wa mtandaoni huhitaji mtaalamu mmoja na tarakilishi yake, na waweza kuhudhuriwa na watu 400 kutoka kaunti kumi kwa wakati mmoja. Mhasibu yeyote angeukubali.

Hata hivyo, kilimo hakifanywi katika daftari la mhasibu. Kuna elimu inayoweza kupita kwenye simu ikamfikia mkulima ikiwa kamili, na kuna nyingine inayomwagika njiani. Serikali, kaunti na wafadhili wasipotenganisha hizi mbili, akiba inayosifiwa leo italipwa kesho kwa ghala lililooza.

Pengo la maafisa

Ili kufahamu ni kwa nini mtandao umepokelewa kwa shangwe, ni sharti tutazame hali ya huduma za ugani nchini.

Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kuwa kaya zipatazo milioni 6.4 hujihusisha na kilimo. Kwa miaka mingi, stakabadhi za serikali zimekuwa zikieleza kuwa afisa mmoja wa ugani anafaa kuwahudumia wakulima 400, ilhali hali halisi ni kuwa afisa mmoja huwahudumia wakulima 1,500 au hata zaidi.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Ukigawa kaya hizo kwa 400, utapata kuwa taifa linahitaji maafisa 16,000. Ukizigawa kwa 1,500, utapata maafisa wasiotimia 4,300. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo mlango ambao warsha za mtandaoni zimeingilia.

Pengo hilo halikuzuka jana. Katika miaka ya 1980, chini ya mpango wa Mafunzo na Ziara uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, afisa wa kilimo alitakiwa kuwatembelea wakulima walioteuliwa kila baada ya wiki mbili. Miaka ya 1990 ilipofika, masharti ya wafadhili ya kupunguza idadi ya watumishi wa umma yaliilazimu serikali kusitisha uajiri. Afisa aliyestaafu hakuchukuliwa nafasi na mwingine. Pikipiki iliyoharibika ilisimamishwa nyuma ya ofisi ikaota kutu.

Kisha ukaja ugatuzi. Katiba ya 2010, kupitia kwa Jedwali lake la Nne, ilizikabidhi kaunti jukumu la kilimo, na mwaka wa 2013 serikali 47 za kaunti zikarithi maafisa wachache, wengi wao wakiwa wamekaribia umri wa kustaafu. Baadhi ya magavana waliajiri wengine. Wengi walipendelea kujenga masoko na barabara, miradi ambayo mpigakura huiona kwa macho.

Ikumbukwe pia kuwa viongozi wa Afrika walikutana Maputo, Msumbiji, mwaka wa 2003 wakaahidi kutenga angalau asilimia 10 ya bajeti zao kwa kilimo. Waliirudia ahadi hiyo Malabo, Guinea ya Ikweta, mwaka wa 2014. Bajeti baada ya bajeti, Kenya imebaki mbali na kiwango hicho.

Katika mazingira kama haya, si ajabu kwamba simu imeonekana kuwa mwokozi.

Simu ina haki yake

Mgala muue na haki yake umpe. Simu imemsaidia mkulima wa Kenya kwa njia ambazo hakuna warsha ya ukumbini ingeweza.

Wizara ya Kilimo ilianzisha huduma ya kitaifa ya habari kwa wakulima, Nafis, mwaka wa 2008, ambapo mkulima aliweza kupiga simu na kusikiliza ushauri. Kipindi cha runinga cha Shamba Shape Up, kilichoanza kupeperushwa mwaka wa 2012, kiliwafanya watu wa mijini na mashambani kuketi pamoja kutazama jinsi zizi la ng'ombe linavyorekebishwa. Waandalizi wake baadaye walianzisha huduma ya iShamba, inayomwezesha mkulima kuuliza swali kwa arafa na kujibiwa na mtaalamu.

Shirika la Kukagua Ubora wa Mimea (Kephis) nalo liliweka kibandiko kwenye pakiti za mbegu. Mkulima hukikwangua, akatuma nambari iliyofichwa kwenda 1393, na akajibiwa iwapo mbegu hizo ni halali. Huduma hiyo haihitaji simu ya bei ghali wala intaneti.

Kuna pia programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotayarishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani wakishirikiana na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Tropiki (IITA) na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO). Mkulima huielekeza kamera kwenye jani la muhogo, nayo humweleza iwapo dalili anazoziona ni za batobato au michirizi ya kahawia. Hufanya kazi hiyo hata pasipo na mtandao.

Na nzige walipovamia nchi mwishoni mwa Desemba 2019, uvamizi ambao haukuwa umeshuhudiwa nchini kwa kiwango hicho kwa miaka 70, taarifa zilizotumwa kwa simu kutoka nyanjani zilisaidia kuelekeza ndege za kunyunyiza dawa.

Tukizichunguza huduma hizi tutaona zinafanana kwa jambo moja. Ni fupi, nyingi hazihitaji simu ghali, na humjibu mkulima swali mahususi wakati anapolihitaji jibu. Hazijifanyi kuwa darasa. Warsha ya saa mbili kwa njia ya video ni jambo tofauti kabisa, na haifai kujivika sifa za arafa ya 1393.

Nani anayelipa

Sensa hiyo ya 2019 iliuliza pia kuhusu matumizi ya intaneti. Ilibainika kuwa ni asilimia 22.6 tu ya Wakenya wenye umri wa miaka mitatu na zaidi waliokuwa wakiitumia. Mijini idadi ilikuwa asilimia 42.5. Mashambani, ambako ndiko anakoishi mlengwa wa mafunzo haya, ilikuwa asilimia 13.7.

Hali imebadilika tangu wakati huo, kwani simu za kisasa zimezidi kuenea. Hata hivyo, kuwa na simu na kuhudhuria darasa ni mambo mawili. Mkutano wa video wa saa mbili huweza kumeza zaidi ya gigabaiti moja ya data. Mwenye simu sharti aitie chaji, na kwa nyumba isiyo na umeme hilo lina maana ya kuipeleka kibandani sokoni na kulipa.

Hapa ndipo hoja ya akiba inapoanza kuvuja. Katika warsha ya zamani, mwandalizi ndiye aliyegharimia nauli na mlo wa mkulima. Katika warsha ya mtandaoni, mkulima ndiye anayenunua data. Gharama haikutoweka. Ilitolewa katika kitabu cha shirika na kuhamishiwa mfukoni mwa mtu mwenye uwezo mdogo kuliko wote waliohusika.

Kuna pia suala la nani hasa aliye na simu hiyo. Katika kaya nyingi za mashambani, kazi ya kupanda, kupalilia, kuvuna na kukausha nafaka hufanywa zaidi na wanawake. Lakini simu inayoweza kupokea video aghalabu huwa ya mume, au ya kijana anayefanya kazi mjini na ambaye huja nyumbani Disemba. Mafunzo ya ukaushaji wa mahindi hupokelewa na mtu ambaye hajawahi kuyaanika, naye anayeyaanika hubaki kuhadithiwa.

Wakati nao una lake. Waandalizi hupenda saa za jioni, wakidhani mkulima amepumzika. Jioni ndipo ng'ombe hukamwa, kuni huwashwa na watoto hutazamwa kazi zao za shule. Mama akijiunga, hujiunga kwa sikio moja.

Funzo la sumukuvu

Wapo watakaosema kuwa vikwazo hivi vitaondoka kadiri data inavyopungua bei na mitambo ya mawasiliano inavyofika kila kijiji. Tuseme ni kweli. Bado kuna kikwazo ambacho bei ya data haiwezi kukiondoa, na mfano wake mzuri ni sumukuvu.

Mwaka wa 2004, watu 317 waliugua na 125 miongoni mwao wakafariki katika eneo la Mashariki ya nchi, hasa Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yaliyokuwa na sumukuvu. Ulikuwa miongoni mwa mikurupuko mibaya zaidi ya aina hiyo kuwahi kurekodiwa duniani. Mahindi hayo hayakutoka ng'ambo. Mengi yalitoka katika mashamba na ghala za wenyeji wenyewe, yakiwa yamehifadhiwa na unyevu.

Sumu hiyo hutokana na kuvu ambao hunawiri nafaka isipokauka vyema. Haina ladha inayoweza kumwonya mlaji, na kuchemsha chakula hakuiondoi. Kinga kubwa iko mikononi mwa mkulima: avune kwa wakati, aanike juu ya turubai wala si juu ya udongo, atenge punje zilizooza au kutobolewa na wadudu, na asitie nafaka ghalani kabla unyevu wake haujashuka hadi takriban asilimia 13.5.

Ujumbe huo wote unaenea katika arafa mbili. Mtaalamu anaweza kuusoma mtandaoni kwa dakika tano na akatia alama kwamba mada imefunzwa. Lakini mkulima hana kipimo cha unyevu. Atajuaje asilimia 13.5?

Maafisa wa ugani wana njia ya kienyeji wanayoifundisha. Mkulima huchukua chupa ya kioo, akaijaza mahindi hadi theluthi moja, akaongeza vijiko vichache vya chumvi, akaifunika na kuitikisa. Kisha huiacha itulie kwa muda wa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yangali mabichi. Chumvi ikidondoka yote chini, unyevu umeshuka chini ya takriban asilimia 15, na siku chache zaidi za jua zitamfikisha panapofaa.

Njia hii ni nyepesi, na video yake yaweza kutengenezwa na mtoto wa shule. Ugumu huja mkulima anapoijaribu. Chupa iliyooshwa asubuhi ile ile itadanganya. Chumvi iliyokaa wazi jikoni imekwisha kunyonya unyevu, nayo pia itadanganya. Chembe zinazoshika upande mmoja tu wa chupa zahesabiwa kuwa ni mbichi au ni kavu? Na punje za kupima, zilichotwa juu ya gunia palipochomwa na jua, au katikati ambako joto halijafika?

Afisa aliyesimama kando ya mkulima huyaona makosa haya kabla hayajatendeka. Huishika ile chupa, huipapasa ile chumvi, hutumbukiza mkono guniani hadi kiwikoni. Kamera ya simu huona tu kule ilikoelekezwa, na mkulima asiyejua kosa lake hawezi kuielekeza huko.

Ndivyo ilivyo pia kwa viwavijeshi vamizi vilivyoripotiwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka wa 2017. Mkulima hufundishwa kupita shambani kwa mwendo wa herufi W, akisimama mahali patano na kukagua mimea kadhaa kila mahali, ili ajue kama uharibifu umefikia kiwango cha kuhitaji dawa. Mafunzo hayo yana maana mkulima akiwa ameinama juu ya hindi lake, akifungua kizimba cha majani na kutafuta kinyesi cha kiwavi. Akiwa ameketi kwenye kochi akitazama picha za hindi la mtu mwingine, atakachojua ni jina la mdudu tu.

Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Walikuwa wakulima.

Makosa ya zamani

Historia ya ugani nchini inatupa onyo jingine. Ule mpango wa Mafunzo na Ziara wa miaka ya 1980 ulikuwa na maafisa, magari na fedha. Hata hivyo, tathmini ya Benki ya Dunia yenyewe iliyotolewa karibu na mwaka wa 2000 ilikiri kuwa matokeo yake shambani yalikuwa hafifu ikilinganishwa na gharama.

Sababu mojawapo ni kuwa ujumbe ulitungwa juu ukateremshwa chini. Mkulima wa eneo lenye mvua tele na mwenzake wa eneo kame waliambiwa mambo yaliyolingana mno. Afisa alihesabiwa kwa ziara alizofanya, hakuhesabiwa kwa maswali aliyoyajibu.

Katikati ya miaka ya 1990, FAO ilileta nchini mtindo mwingine uliokuwa umeanzia katika mashamba ya mpunga ya Indonesia mwaka wa 1989, yaani shule za wakulima mashambani. Katika shule hizi, kikundi cha wakulima kati ya 20 na 30 hukutana mara kwa mara msimu mzima katika shamba moja. Huhesabu wadudu, huchora mmea wanaouona, hulinganisha sehemu iliyotiwa mbolea na isiyotiwa, kisha hubishana na kuamua wenyewe la kufanya. Wilaya za Magharibi kama Kakamega, Bungoma na Busia zilikuwa miongoni mwa zilizonufaika, na baadaye Shirika la Ustawi wa Majani Chai (KTDA) liliutumia mtindo huo kwa wakulima wa chai.

Warsha ya mtandaoni, kwa jinsi inavyoendeshwa sasa, inaufanana mpango wa miaka ya 1980 kuliko shule hizi. Mmoja hunena, mamia husikiliza. Mafanikio hupimwa kwa idadi ya walioingia. Tofauti ni kuwa safari hii hata ile ziara ya kila wiki mbili haipo.

Tazama tena suala la swali. Katika mkutano wa kijijini, muuzaji wa dawa akiisifu bidhaa yake, jirani aliyeitumia msimu uliopita ataondoka kwenye benchi aseme mbele ya wote kuwa iliichoma sukuma wiki yake. Mtandaoni, mwandalizi hunyamazisha vipaza sauti vyote kwa kubonyeza mara moja, kwa hoja ya kuepusha kelele. Maswali huandikwa pembeni, na mwandalizi huchagua atakayoyasoma. Mwandalizi anapokuwa ndiye muuzaji, warsha hugeuka kuwa tangazo la biashara ambalo mtazamaji amelilipia data.

Kisa cha mwaka wa 2024 kingali katika kumbukumbu za wengi. Wakulima waliosajiliwa walipokea ujumbe kwa simu wakaenda kuchukua mbolea ya bei nafuu. Baadaye ilibainika kuwa baadhi ya mbolea iliyouzwa kupitia mpango huo wa ruzuku haikufikia viwango. Mfumo wa kutuma ujumbe ulifanya kazi yake barabara. Kilichokosekana ni jicho la kuikagua bidhaa kabla haijamfikia mkulima, na mtu wa karibu ambaye mkulima angemwonyesha lile gunia.

Hakuna pepo ya kurejea

Haya hayamaanishi kwamba warsha za ukumbini zilikuwa kamilifu. Kila mwenyeji wa mashambani anazijua kasoro zake. Majina yaliyoalikwa yalikuwa yale yale: mwenyekiti wa kikundi, mpwa wa mwenyekiti na mzee anayejua kuandika ripoti. Baadhi walihudhuria kwa sababu ya posho. Mafunzo ya mbuzi yaliandaliwa katika hoteli ya kifahari kando ya ziwa, kilomita nyingi kutoka kwa mbuzi wa karibu zaidi.

Mama anayenyonyesha, mtu asiyejiweza kwa miguu na mfugaji wa kaunti kame aliye mbali na mji hawakuwa na nafasi katika mpango huo. Kwao, rekodi inayoweza kusikilizwa tena na tena usiku ni hatua mbele. Kijana aliyerudi kijijini baada ya kukosa ajira naye hujifunza kwa video mambo ambayo babake hakuwahi kuambiwa.

Serikali kuu inaonekana kuanza kutambua kuwa simu inahitaji miguu. Chini ya mradi wa kitaifa unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, NAVCDP, maelfu ya vijana wamechaguliwa wadi kwa wadi kuwa mawakala wa kilimo. Huwasajili wakulima, huwafikishia ushauri na kuwaunganisha na wauzaji wa pembejeo. Ni wazo linalofaa kuungwa mkono, lakini linahitaji kutazamwa kwa makini. Wakala anayetarajiwa hatimaye kujikimu kwa kuuza huduma na pembejeo atamshauri vipi mkulima kwamba msimu huu hahitaji kununua dawa? Afisa wa umma, kwa kasoro zake zote, hakuwa na duka.

Njia ya kufuata

Kwanza, wanaoandaa mafunzo wagawe elimu kwa aina yake. Habari zipitie kwenye simu: utabiri wa mvua, bei za sokoni, tarehe za chanjo, tahadhari ya wadudu. Stadi za mikono zifundishwe shambani: kupandikiza miche, kupogoa kahawa, kuchanganya na kunyunyiza dawa, kupima unyevu wa nafaka. Kaunti inayofundisha unyunyizaji wa dawa kwa video pekee inacheza na afya ya watu wake.

Pili, pale video inapotumika, itazamwe kwa pamoja. Shirika la Digital Green, lililoanzia nchini India na baadaye kuingia Ethiopia, limeonyesha njia. Filamu fupi hurekodiwa wakiigiza wanakijiji wenyewe, kwa lugha yao, kisha huonyeshwa kwa kikundi kwa projekta ndogo inayotumia betri. Msimamizi huisimamisha filamu, huuliza maswali, na baadaye hufuatilia ni nani aliyejaribu alichokiona. Simu moja na afisa mmoja huwatosha watu 20, na hakuna anayenunua data.

Tatu, vituo vya mafunzo ya kilimo vifufuliwe. Waruhiu kule Kiambu, Wambugu kule Nyeri, Kaguru kule Meru, Mabanga kule Bungoma na Mtwapa kule Kilifi vina mashamba, mabweni na kumbi. Vikiwekewa intaneti ya uhakika, mkulima ataweza kumsikiliza mtaalamu aliye Nairobi saa nne, na saa tano akawa shambani akikifanya alichokisikia chini ya uangalizi wa mwalimu.

Nne, redio isisahaulike. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 stesheni za lugha za kiasili zimeenea kote nchini, na redio haina bando. Kipindi ambacho mkulima hupiga simu na kusikika na kijiji kizima bado ndicho mkutano wa bei nafuu zaidi tulio nao.

Tano, na hili ndilo zito zaidi, akiba ionekane. Kaunti inayohamisha mafunzo mtandaoni ieleze katika bajeti yake ni kiasi gani kimeokolewa na kimeelekezwa wapi. Kikienda kununua mafuta ya pikipiki na kuajiri maafisa wapya, mtandao utakuwa umemfaa mkulima. Kikitoweka katika safari na vikao, bunge la kaunti lina wajibu wa kuuliza.

Mwisho, tubadilishe kipimo. Idadi ya walioingia mtandaoni haituelezi lolote kuhusu ghala. Kipimo kiwe ni wakulima wangapi walioanika juu ya turubai msimu uliofuata, na ni magunia mangapi yaliyokataliwa na wanunuzi kwa sababu ya unyevu. Takwimu hizo hazipatikani kwa kuhesabu majina kwenye kioo. Sharti mtu aende akatazame.

Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Nchi iliyowahi kuwazika watu 125 kwa sababu ya mahindi yasiyokauka haiwezi kuridhika na kwamba ujumbe ulitumwa. Ni lazima ihakikishe kuna mtu aliyefika ghalani, akatumbukiza mkono guniani, akasema: haya bado, yarudishe juani.